Maji Yalipofika

Dukani kwa vifaa vya ujenzi watu walibanana, na mikono miwili ikashika pima maji moja ya kupimia usawa wa ukuta, ya mwisho.

"Dada, hiyo yangu," alisema fundi mwashi, mgane wa miaka minne, shati limekakamaa saruji.

"Imeandikwa jina lako?" Mwanamke alivaa gauni la kijani na mabuti ya matope. Alikuwa msanifu wa majengo, anajenga mkahawa kando ya kijito. "Haya, ichukue. Ila nawe nakuchukua. Natafuta fundi."

Mkahawa aliuchora ukipinda kufuata miti, hata mmoja usikatwe. Mapenzi yakaota humohumo.

"Umekula, Bwana Saruji?"

"Nitakula ukija kunipakulia, Bibi Michoro."

Siku moja msanifu akapiga simu. "Mpenzi, nipimie maji pale kijitoni. Mvua kubwa ikija hufika wapi? Wakubwa wa mji wameandika yanaishia magotini."

Fundi aliweka pima maji ukutani, kiputo kikatulia katikati. "Maji yako sawa."

Alijua alichoulizwa. Lakini kijito kile ndicho kilichomchukua mkewe, na hakukisogelea tena. Kila kiliponguruma alisikia "Baba Nani!", utani wa marehemu, maana hawakujaliwa mtoto.

Mvua ikaja. Asubuhi sakafu mpya imemezwa na tope.

"Ndiyo sawa yako hii?" msanifu alifoka.

"Niliweka pima maji..."

"Usinifanye mjinga! Nenda zako."

Simu za fundi hakupokea tena. Wiki ya pili fundi akaja mwenyewe, akaingia kijitoni mara ya kwanza tangu msiba, akamwonyesha msumari wenye kutu kwenye shina la mti, juu ya kichwa chake.

"Maji yalifika hapa. Niliupigilia siku ile ile alipochukuliwa mke wangu. Wakubwa walikuja baada ya wiki, viatu vikavu, wakaandika magotini. Na kwa vile mtu mzima hafi kwa maji ya magotini, wakaandika mke wangu alikuwa mlevi. Hakuwahi kuonja pombe."

Msanifu alitoa penseli, kwenye mchoro akauinua mkahawa wote juu ya nguzo, sakafu ipite msumari, kijito kipite chini.

"Nikikujengea huu, utakubali nikuoe?"

"Na yeye, marehemu?"

"Hatoki moyoni. Sikudanganyi tena."

Chini yao maji yalinong'ona. Safari hii msanifu naye aliyasikia.

"Nimekubali," alisema polepole. "Lakini meza moja ya ukingoni, mgeni asikalishwe. Hiyo ni ya mkeo."