Kuvezi Haisubiri Waya

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Tshibola aliinama mbele ya kuvezi, ile mashine ya kutotolesha vifaranga, akageuza mayai moja baada ya jingine, kisha akasoma kipimajoto. Mama yake, Mama Éliane, alikuwa karani wa shule moja ya Kamina, lakini ada na chakula cha nyumba vilitoka zaidi kwenye mashine hiyo. Safari hii vifaranga vyote vilikuwa vimekwisha kuahidiwa mfugaji mmoja wa Kaniama.

Kuvezi haiwezi kukaa bila umeme. Waliununua kwa Nuru Jirani, kampuni ndogo yenye paneli za jua nyuma ya kinu cha mahindi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na mwaka huo ulikuwa unakaribia kwisha.

Jumamosi moja akaja Glodi, kijana wa kampuni mpya iliyoitwa Jua Jipya.

"Mama Éliane, hawa jamaa wanakuuzia mushumaa!" alisema akicheka. "Jioni taa yako iko sawa na jicho la mutu wa malaria."

Mama hakucheka. "Waya yenu itafika hapa lini?"

"Siku mukataba wao unaisha, utatukuta mulangoni."

"Nimeuliza waya iko wapi leo."

"Iko njiani, mama. Inakuja na treni ya Lubumbashi. Weye usiwe na wasiwasi!"

Tshibola hakumpenda mtu anayejibu swali kwa kicheko. Hata hivyo, ni kweli kwamba umeme wa Nuru Jirani ulidhoofika kila jioni. Baada ya kufikiri siku mbili, mama alitia sahihi kwa Glodi, kisha akaenda kuwaarifu Nuru Jirani kwamba hataendelea nao.

Shuleni, Béni, rafiki wa Tshibola, aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa.

"Mumewaambia munahama? Pole yenu. Watakata hata mbele ya siku. Tonton wangu, ndugu ya mama, walimufanyia vile, akabaki mu giza. Ule fundi wao, Papa Wenceslas, njo anatangulia kupeleleza."

Kuanzia hapo Tshibola aliitazama waya iliyopita juu ya ua wao kama mtu anayemtazama mbwa asiyemfahamu.

Papa Wenceslas alikuja siku chache baadaye, mama akiwa kazini. Alitembea polepole chini ya waya, akaitazama nguzo, kisha akasimama karibu na dirisha la chumba cha kuvezi na kutega sikio. Tshibola akajiweka mlangoni.

"Mama iko?"

"Hayuko, papa."

"Humu ndani kuna mayai?"

"Hapana. Ni vyombo tu."

Fundi alimtazama kidogo. "Mukataba wenu unaisha Jumatano. Kama munahitaji siku za kuongeza, mama aseme tu. Waya nitaiacha kwanza."

Siku za kuongeza! Tshibola aliona huo ndio mtego wenyewe: leo siku, kesho mwaka mzima.

"Hatuhitaji kitu," alijibu. "Mama amesema mukate tu Jumatano."

Mama hakuwa amesema neno kama hilo. Jioni Tshibola hakumweleza kwamba fundi alikuja. Alijiona ameilinda nyumba.

Jumatano ilifika. Mayai yalikuwa katika siku zake za mwisho, zile ambazo hayageuzwi tena. Ukiinamisha sikio, ulisikia milio midogo ndani ya maganda. Tshibola aliporudi kutoka shule, waya haikuwepo juu ya ua. Taa ya kuvezi ilikuwa imezimika.

Mama alifika nyuma yake, akampigia Glodi simu pale pale.

"Waya yenu iko wapi?"

"Aa, mama, treni imekwama njiani. Kesho. Ao kesho kutwa."

Mama alikata simu. Aliifunika mashine kwa blanketi mbili, akaweka ndani chupa za maji ya moto. Kipimajoto kiliendelea kushuka.

"Glodi ni muongo, nilimshuku tangu mwanzo," alisema. "Lakini hawa wa Nuru Jirani! Mwaka mzima pamoja, halafu wanakata bila hata kuuliza!"

Tshibola alijua kwamba akinyamaza, lawama itabaki kwa Papa Wenceslas. Alijua pia kwamba mayai hayatapata joto kwa kunyamaza kwake.

"Aliuliza, mama."

"Nani?"

"Fundi. Alisema anaweza kuacha waya. Nilimwambia hakuna mayai."

Mama hakupiga kelele. "Sema yote. Usiruke neno." Tshibola alipomaliza, mama alichukua kitambaa chake cha kichwa. "Twende. Maneno hayo utayarudia mbele yake."

Njiani walimkuta tonton wa Béni akitengeneza baiskeli yake. Mama akamuuliza kama kweli alikatiwa kabla ya siku.

"Nani amesema? Walikata siku yenyewe. Minyi mwenyewe njo nilisahau tarehe."

Papa Wenceslas alikuwa akikunja waya mbele ya ofisi.

"Papa, nilidanganya," Tshibola alisema. "Mayai yapo. Nilifikiri unatupeleleza."

"Nilisikia feni ya kuvezi inavuma," fundi alijibu. "Lakini mwenye nyumba akisema hakuna, minyi ni nani niseme iko?" Akamgeukia mama. "Siku za kuongeza zinaombwa mbele ya kukata, Mama Éliane. Sasa lazima nimuulize mukubwa."

Aliingia ndani. Walisubiri. Alipotoka alikuwa amebeba ngazi begani: walikuwa wamepewa juma moja.

Kuvezi iliwaka tena kabla ya jua kuzama. Vifaranga vilianza kutoka kesho yake. Mayai kadhaa hayakupasuka. Mama hakusema ni kwa sababu ya baridi, wala hakusema si kwa sababu hiyo. Kila mara yapo yasiyopasuka, na hakuna aliyeweza kujua.

Waya ya Glodi iliwasili juma lilipokuwa karibu kwisha. Vifaranga vilikuwa vimekwenda Kaniama, na mashine ilikuwa tupu. Mama aliiunganisha na umeme mpya, lakini alikataa waya ya zamani iondolewe kabla kuvezi haijashika joto lake mchana na usiku.

"Mama, haujaniamini?" Glodi aliuliza.

"Bado."

Kisha akamwambia binti yake, "Kumbe siku ya kuhama ni hii, mashine ikiwa tupu na waya zote mbili zikiwepo. Tarehe ya mkataba peke yake haikutosha. Hilo ni kosa langu. Lako ni jingine. Kumshuku mtu si vibaya, mimi pia nashuku. Lakini wewe ulishuku, ukadanganya, ukanyamaza. Mtu ukimshuku, muulize yeye mwenyewe, kisha hakikisha jibu lake. Shaka bila swali ni uvumi tu."

Tshibola alifikiri kidogo, kisha akamfuata Glodi uani.

"Yaya Glodi," alimwita, kama mtu anayemwita kaka yake mkubwa, "betri zenu usiku zinafika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi!"

"Na mvua ikinyesha mchana kutwa?"

Glodi alianza kucheka, akaacha. "Hapo tunawasha jenereta."

"Iko wapi?"

Kijana alimtazama mama, akamtazama Tshibola, kisha akachukua kofia yake.

"Twende," alisema. "Nikuonyeshe."