Kilichobaki Ndani ya Wavu

Siku wavu wa kuzuia nyoka ulipokamilika, mbwa Pip alikataa kunywa maji. Alikisogelea kibakuli chake kando ya tangi, akanusa, akarudi kinyumenyume mpaka miguuni pa Glenys. Glenys akasema ni joto tu. Watu wa nyanda zile za ngano husingizia joto kwa kila jambo.

Mjane huyu alishazika mbwa wawili walioumwa na nyoka wa kahawia, na Pip ndiye pekee aliyebaki kumlaki mlangoni. Akampoteza huyu, basi tena. Ndiyo maana alimsumbua shemeji yake, Kelvin, mpaka akaizungushia nyumba wavu wa chuma wenye matundu yasiyopitisha hata kidole. Kelvin aliuchimbia chini vizuri, lakini juu akauinamisha kuelekea ndani, kama alivyozoea kwenye banda la kuku. Wavu wa nyoka huinamishwa nje, ili wa nje ashindwe kuupanda na wa ndani apate kutoka. Ila Kelvin ni mtu wa kazi za chapuchapu, na bia yake ilikuwa inapata moto.

Tena hakuna aliyekifikiria kilichokaa chini ya tangi. Marehemu Len, mume wa Glenys, kila asubuhi aligonga bomba kwa fimbo na kumsalimu "bibi kizee" kabla ya kuchota maji. Alisema babu yake naye alimkuta palepale. Glenys alidhani ni utani wa mumewe.

Wiki hiyohiyo ikaanza harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno. Kisha, mchana wa jua kali, kitu kizito kikaanza kujiburuta chini ya mbao za sakafu, kutoka chumba hadi chumba, kikimfuata Glenys kila alikokwenda, akisimama nacho kinasimama, akikaa kinajikunja taratibu chini ya kiti chake mpaka misumari ya sakafu inalia. Pip akahamia juu ya meza ya chakula. Glenys, ambaye hakuwahi kuvumilia upuuzi huo, alimwacha. Aliogopa sana.

Akamwita Raelene, mkamata nyoka wa wilaya, mwanamke asiyeshtuka ovyo. Raelene aliingia chini ya nyumba na ndoano yake. Alipotoka, mfuko ulikuwa mtupu na midomo imemkauka.

"Sikumwona," alinong'ona. "Nimemsikia akiniita kwa jina, mama. Kwa sauti ya Len."

Glenys akashika nguzo ya baraza.

"Mmemfungia," Raelene akaendelea. "Anataka kutoka. Kata tundu kwenye wavu, mfungie mbwa jikoni, halafu upe wavu kisogo. Usigeuke mpaka umsikie amepita."

"Na wengine wakiingia? Nimzike na huyu?"

"Ukisikia amepita, ziba hapohapo. Lakini mimi humu sirudi, samahani."

Akaondoka bila hata kungoja chai.

Kesho yake Glenys akamfungia Pip jikoni, akakata tundu nyuma ya tangi na kusimama akitazama ukuta, koleo mkononi. Jua likamchoma shingo. Nyuma yake nyasi zikachakarika, mara polepole, mara kwa kasi, kitu kikapita karibu kiasi cha kugusa pindo la gauni lake, akang'ata meno, akafumba macho, akasikia kinapenya kwenye tundu, kikipukutisha mchanga, kikatokomea upande wa shamba. Akageuka, akaziba kwa waya, akakaza mpaka vidole vikatoka damu. Harufu ilikuwa imekwisha. Akalia kwa furaha palepale chini.

Aliingia jikoni. Pip alikuwa amelala sakafuni, ametulia, akamtazama. Glenys alimwita mzee mzima, akamwahidi soseji, akafungua jokofu.

Ndipo mbwa akabweka nje.

Akatoka barazani. Ng'ambo ya wavu, Pip alikuwa anauparua kwa miguu yote miwili ya mbele, mkanda wake mwekundu umejaa mbigili, analia aingie. Alikuwa ametoroka kwa mlango wa nyuma wa jikoni, ambao komeo lake lilikuwa limening'inia wazi; ndiye aliyepita kwenye tundu.

Glenys akapiga hatua moja kuelekea wavu. Alisikia kucha zikija taratibu juu ya mbao za baraza, mpaka nyuma yake. Pua ikamgusa kwenye goti. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Ziba vizuri, mpenzi," ikasema sauti ya Len. "Wasije wakaingia."