Alichoonja Nobert

Basi la kutoka Bwera liliharibikia Kikorongo, pale njia panda, saa tano za asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma. Abiria walishuka wakazagaa katikati ya malori na wauza ndizi, kila mmoja akimweleza mwenzake haraka aliyokuwa nayo. Geneviève Mbambu hakwenda popote. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vyema kiunoni, na miguuni pake palikuwa na katoni aliyoisimamia kama mzigo wa mayai.

Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe na mkoba wa ngozi alipita, akarudi, akaitazama katoni, kisha akalitazama jua.

"Dada, samahani," alisema. "Kama iko mvinyo ndani, hapo unaipika."

Geneviève alimwuliza amejuaje. Alijibu kwamba aliisikia ilipowekwa chini. Chupa nene zina mlio wake. Wakaibeba pamoja hadi kwenye kivuli cha kibanda cha muuza vocha. Geneviève akamwambia ni shampeni, anaipeleka kwenye harusi Kasese, akidhani neno hilo litamnyamazisha kama lilivyowanyamazisha wengi. Yeye akauliza ladha yake ikoje.

Tangu aanze kuuza vinywaji Bwera, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Wateja wake walitaka mlio wa kizibo na povu la kupigia picha. Ilibidi afikiri.

"Ni sawa vile unapita mbele ya duka ya mikate asubuhi," akasema polepole, "na mukononi uko na pome ya kijani, umeshaimega."

Yule mtu alilipima jibu hilo, mkate na tofaa, kama aliyepewa kitu mkononi. Ndipo akajitambulisha. Aliitwa Nobert, mzaliwa wa Kyondo, na kazi yake ilikuwa kuonja kahawa katika kiwanda kimoja mjini Kasese. Kutwa nzima alivuta kahawa kwa kijiko, akaitema, akawaambia wakulima kilichomo ndani ya magunia yao. Kabla basi halijatengenezwa, walikuwa wamebadilishana namba za simu.

Hivyo ndivyo Geneviève alivyoingia katika kundi la Viputo. Lilikuwa kundi dogo la Nobert na wapenzi wenzake wa shampeni, waliokutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, alasiri, kwenye baraza ya hoteli ya Semu mjini Kasese. Semu aliwahi kuhudumia meza za wageni wakubwa Kampala, akarudi nyumbani na kiu ya shampeni isiyomwisha. Mwingine alikuwa Docus, mwalimu wa kemia, aliyepata harufu ya chaki katika kila chupa na hakuona haya kusema. Walifungua chupa moja tu, wakaigawana kwa vipimo vidogo, kisha kila mtu akasema alichokiona. Mmoja alisikia ganda la limau, mwingine chumvi ya ziwa la Katwe iliyobaki mdomoni baada ya kumeza. Semu alitazama viputo vikipanda na kusema ni vidogo kama mbegu za mtama, dalili ya chupa iliyolala kwa subira. Hakuna aliyechekwa.

Kumbe kati ya wote ni Nobert aliyeogopwa. Siku ya kwanza ya Geneviève, Semu alileta chupa aliyojivunia kwa wiki mbili. Nobert aliinusa, akaonja, ngozi ya kando ya jicho ikajikunja, akaweka glasi chini na kusema chupa hiyo imekaa karibu na jiko, imeiva. Semu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akahamisha rafu zake. Geneviève aliondoka pale akiwaza juu ya mtu asiyeweza kumwambia hata rafiki yake neno tamu la uongo. Katika miaka sita ya kuishi ugenini, tangu avuke kutoka Kongo, alikuwa amezoea watu wema. Waliongeza sukari katika kila jambo walilomwambia, mpaka akawa hajui tena lipi ni kweli.

Simu zikaanza. Nobert alipiga saa saba, wakati wa chakula, na kwa kuwa Kinande cha Geneviève na Lhukonzo cha Nobert ni ndugu wa tumbo moja, walichanganya lugha zote wakaishia kwenye Kiswahili walipotaka kutaniana. Geneviève alimwita Bwana Ulimi. Nobert alimwita mama wa viputo, akamwuliza kila siku amekula nini na kilikuwa na ladha gani, naye alieleza hadi mamake aliyekuwa anasikiliza akatikisa kichwa. Ikafika mahali Jumamosi moja kwa mwezi haikutosha. Nobert akawa anashuka Bwera siku za soko, eti kuangalia kahawa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Geneviève hakumwambia upesi. Juu ya kabati la mamake, katika nyumba yao ya mabati, ilisimama chupa moja ya shampeni iliyofungwa kwa kitenge. Babake, Philippe, aliyekuwa na mkahawa mdogo Beni, aliinunua mwaka Geneviève alipopata komunyo ya kwanza, akasema itafunguliwa siku ya ndoa yake. Asubuhi waliyokimbia vita, aliwaambia watangulie, yeye afunge nyumba. Alimpa Geneviève chupa hiyo mikononi badala ya kumkumbatia. Geneviève na mamake walivuka mpaka wa Mpondwe kwa miguu. Habari za kifo cha Philippe ziliwafikia baada ya wiki tatu, na kaburi lake hawajaliona hadi leo.

Mwezi wa nane Semu alipendekeza waonje chupa iliyozeeka, ila hakuna aliyekuwa nayo. Geneviève alinyamaza siku nne. Siku ya tano alimpigia Nobert akamweleza yote, chupa, Beni na babake. Hakumwambia kwamba kuifungua kabla ya ndoa, mbele yake, ilikuwa njia yake ya kusema jambo ambalo mwanamke wa kwao halianzishi yeye. Alidhani atalielewa mwenyewe.

Jumamosi ya kundi iliyofuata alivaa gauni jeupe lenye mikono mirefu na hereni za mamake. Aliwaambia wenzake chupa ni ya babake, naye Semu akaishika kwa mikono miwili. Kizibo kilitoka bila mlio wowote. Kilichomiminika kilikuwa na rangi ya chai iliyolala, hakina hata kiputo kimoja. Geneviève alionja. Alikutana na siki, na karatasi ngumu iliyolowa mvua, na nyuma yake utupu. Akainua macho kumtazama Nobert.

Aliiona ngozi ya kando ya jicho lake ikijikunja, kama ilivyojikunja siku ile ya chupa ya Semu. Ilikuwa sekunde moja. Kisha uso ukanyooka.

"Nzuri," alisema Nobert. "Kuna asali. Kuna karanga ya kukaanga. Imezeeka vizuri sana."

Semu akaafiki. Docus akanusa tena, akasita, akaafiki. Wakamsifu Philippe kwa kuchagua vyema. Geneviève alitabasamu, akawashukuru wote, akaaga mapema kwa kisingizio cha kichwa. Njia nzima ya kurudi Bwera hakulia. Alihisi tu kwamba yule mtu mmoja aliyekuwa akimzungumzisha kama mtu mzima amehamia upande wa wale wa kuongeza sukari.

Hakupokea simu kwa siku sita. Ya saba alipokea. Nobert alimwuliza kama ni mgonjwa, kama kuna aliyemkosea.

"Nobert, niambie kitu kimoja," alisema. "Uliionja namna gani ile chupa?"

Nobert alishusha sauti.

"Nilikuambia, Mbambu. Asali."

"Sawa," akasema, akakata.

Mwezi ukapita, na wa pili ukaingia. Geneviève aliuza vinywaji vyake, akaenda misa na mamake, akajitoa katika kundi la Viputo kwenye simu bila neno. Nobert aliacha kupiga. Mamake, aliyeona kila kitu na kuuliza kidogo, alisema tu kwamba siku hizi chakula cha mchana kinaliwa kimya mno.

Aliyekuja kwanza ni Docus. Alikuwa Bwera kwa mazishi ya ndugu, akapitia kibandani kwa Geneviève, akakaa juu ya kreti ya soda. Baada ya salamu ndefu alikiri jambo lililomsumbua. Siku ile yeye alionja siki, ila kwa kuwa Nobert alisema asali, aliona mdomo wake ndio mbovu, akaacha kuuamini hata kazini. Geneviève alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akamwambia mdomo wake ni mzima. Docus alimtazama kwa mshangao, akauliza kama alijua tangu mwanzo. Geneviève akasema alijua kabla Semu hajamaliza kumimina.

Docus hakuwa mtu wa kukaa na habari. Siku ya soko iliyofuata, mvua ikinyesha na wanunuzi wamejibanza chini ya mabati, Nobert alifika kibandani akiwa amelowa mpaka mkoba. Hakutafuta kiti.

"Ilikuwa imekufa," alisema. "Nimekuja kukuambia hiyo."

Geneviève aliendelea kupanga chupa. "Sema yote."

"Ilikuwa siki. Ilikuwa karatasi ya boksi imelowa. Gesi iliisha zamani, labda miaka mitano. Joto ndiyo iliua."

"Hakukuwa hata kitu moya muzuri ndani?"

Nobert alifuta maji usoni. Geneviève aliona jinsi jibu jepesi lilivyokuwa karibu naye, na jinsi alivyoliacha lipite.

"Hakuna," alisema. "Nilitafuta. Niliogopa kukuletea matanga mara ya pili, mbele ya watu. Nikasema uongo. Ukaniuliza kwa simu, nikarudia. Hiyo ya pili ndiyo inaniuma."

Geneviève alikaa chini. Kwa miaka sita aliitazama chupa ile juu ya kabati, chini ya mabati yanayowaka, na kila kiangazi alipofungua kitenge aliona mvinyo umepungua kidogo shingoni. Yeye ndiye muuzaji. Alijua maana yake. Alimweleza Nobert hivyo, kwa sauti ya chini, na Nobert akamwuliza kwa nini basi aliileta.

"Sikutaka kuijua peke yangu," alisema. "Nilikuchagua weye tuijue pamoja. Halafu ukaniacha humo peke yangu."

Ndipo alipolia, kilio kirefu cha utulivu, kilichomhusu babake zaidi ya Nobert. Nobert hakumwambia anyamaze. Alikaa juu ya kreti, maji yakimchuruzika, akangoja. Mvua ilipokatika alisema hana maneno mazuri siku hiyo, ila angependa kumwoa, kama bado kuna nafasi. Geneviève alimjibu kwamba hilo haliulizwi kati ya soda. Aende nyumbani Jumapili baada ya misa, aulize panapotakiwa.

Jumapili Nobert alikwenda, amevaa koti jeusi lililombana mabegani, akiwa na Semu kama mzee wa upande wake. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Aliweka mezani sombe ya majani ya muhogo, samaki na ugali, na kabla ya salamu za posa kuanza, akamtaka mgeni ale. Bwera nzima ilijua mama huyu hapendi kukosolewa jikoni. Semu alionja sombe, akafumba macho, akasema hajawahi kula kama hiyo. Mama akamgeukia Nobert.

"Na weye, mutoto wangu? Unaiona aje?"

Nobert alitafuna polepole, akameza.

"Mama, iko tamu," alisema. "Lakini inakosa chumvi."

Semu aliinamisha kichwa. Mama akachota sombe kwa ncha ya kidole, akaonja mwenyewe. Alipomaliza alimgeukia bintiye.

"Ni huyu?"

"Ni yeye, mama."

Mama akanyanyuka kwenda jikoni kuleta chumvi.