Shikamoo ya Kutoka Mwezini

Katika Kisarawe nzima hakuna aliyekijua kifasiri kunishinda mimi. Nilijua kinavyowashwa. Kukizima ndiko nilikokuwa nikiwaomba watu.

Kilikuwa kidude kidogo kama punje ya hindi, kinapachikwa sikioni. Mtu akizungumza kwenye kioo cha mawasiliano, hata awe Mwezini, kifasiri hutazama mdomo wake unavyofunguka, kikakumiminia Kiswahili kilichotulia, kwa sauti nzuri kuliko ya mwenyewe. Maneno yako nayo humfikia yeye hivyohivyo, kupitia kisanduku cha sauti ukutani kwake, yamepambwa. Aliyekibuni ni Mhandisi Kibwana, mtoto wa jirani yangu Bi Sikudhani. Alihamia huko Mwezini na mkewe, wakamzaa Nuhu. Mtoto ana miaka sita, anajua Kiingereza tu.

Kila Ijumaa Nuhu alitokea kiooni, na neno la kwanza lilikuwa, "Shikamoo, bibi." Bi Sikudhani aliitembeza shikamoo hiyo mtaa mzima.

"Wenu wamezaliwa hapahapa na wanatupita kama mbuzi. Wangu kazaliwa kwenye jiwe, ana adabu!"

 

Basi akataka kumfurahisha mjukuu kwa Kiingereza cha kinywa chake mwenyewe. Akaenda maktaba ya kata, kwa kifundishi, roboti lisilojua kuchoka. Mimi nikamsindikiza, nikacheke.

"Sleeping child," kifundishi kikasema. "Mtoto anayelala. Neno la kitendo limetangulia, linamweleza mtoto. Je, sleeping bag?"

"Mfuko unaolala."

"Hapana, bibi. Mfuko wa kulalia."

"Na drinking water? Usiniambie ni maji yanayokunywa."

"Ni maji ya kunywa."

"Ala! Sisi tunasema waziwazi: anayelala, wa kulalia. Wao wanamwachia msikilizaji ahangaike?"

"Hahangaiki, bibi. Kitu chenyewe anakijua. Na kitendo kikishapita, neno hubadilika: broken cup, kikombe kilichovunjika."

Nyumbani hakukukalika. Boiling water, maji yanayochemka, aliyapigia kelele jikoni. Broken cup alininyooshea mimi, maana nilikivunja mimi. Mwisho akachagua maneno yake ya zawadi: my growing boy, mvulana wangu anayekua. Akayasema akifagia, akayasema akisuka ukili.

Ijumaa ikafika. Akakivua kifasiri, akakitia ndani ya kopo la sukari, akafunika. Kioo kikawaka. Nuhu alikuwa amekaa pajani kwa baba yake, kimya, anatutazama. Tukaisubiri shikamoo. Haikuja.

"My growing boy!" Bi Sikudhani akasema, kwa sauti yake ile yenye mikwaruzo ya tumbaku.

Mtoto akarudi nyuma. Akageukia kisanduku cha sauti kilichokuwa ukutani kwao, akauliza, "Dad, where's the talking lady?"

Laiti Bi Sikudhani asingejifunza. Sleeping child, mtoto anayelala. Talking lady, mwanamke anayezungumza. Mtoto alikuwa anamwulizia yule wa kwenye kisanduku, mwenye sauti nzuri. Huyu wa kiooni hakumjua. Miaka sita, na sauti ya bibi yake haijawahi kumfikia sikioni. Sote tuliishangilia ile sauti ya kupambwa, wala hatukuuliza ya kwetu inapelekwa wapi.

"Kibwana," Bi Sikudhani akasema polepole. "Mtoto huyu huwa ananiamkia?"

"Kila Ijumaa, mama."

"Mbona leo hakuniamkia?"

"Leo ana usingizi tu. Ila siku zote huniambia, baba, ngoja nimwamkie bibi. Kwa mdomo wake mwenyewe, wala hakuna anayemkumbusha."

Bi Sikudhani akafunua kopo. Akakitoa kifasiri, akakipangusa sukari kwa ncha ya khanga, akakiweka kiganjani. Hakukipachika sikioni. Akakinyoosha mbele ya kioo, sote tukawa tunakiona.

Nuhu alikuwa ameshatuchoka. Akaegemeza kichwa kifuani kwa baba yake, akafumba macho, akafungua kinywa chake chote, pengo la jino likaonekana, bila kutoa sauti yoyote.

"Shikamoo, bibi," kikasema kile kidude, sote tukasikia, kwa utamu wote. "Nimekukumbuka sana."

Kibwana akainamisha uso.

"Marahaba," Bi Sikudhani akakijibu kiganja chake, maana shikamoo haiachwi hivihivi. Kisha akainua macho. "Kibwana, mwanao amepiga mwayo."