Kiboksi cha Muziki na Jiko la Mkaa

Shamsudin na mkewe Amna wanaishi Kihesa, mjini Iringa. Kazi yao ni kupiga muziki kwenye maharusi. Siku nyingi ungemkuta Shamsudin kainamia meza, anaunda kiboksi chenye vitufe kumi na sita alivyovitoa kwenye redio mbovu. Kiboksi chenyewe hakitoi sauti. Kinaunganishwa kwa waya na kompyuta. Ukibonyeza kitufe hiki, kompyuta inapiga ngoma; ukibonyeza kile, kayamba. Ukishakipanga, kinarudia mdundo mpaka ukizime. Bei ya cha dukani hawakuiweza, basi akasema atatengeneza chake. Mbishi huyo, lakini fundi kweli.

Mwezi wa sita baridi ya Iringa haina mzaha. Alhamisi moja umeme ulikatika tangu asubuhi, na Jumamosi walikuwa na harusi Kilolo. Shamsudin akaingiza jiko la mkaa chumbani ili apashie moto chuma cha kulehemu. Amna, mwenye mimba ya miezi saba, akakaa pembeni kumshikia nyaya. Upepo ulipozidi akafunga dirisha. Risasi ya kulehemu, ile inayoyeyushwa kuunganisha nyaya, ilitoa moshi, basi wote wakajifunga kanga puani. Waliona wamejikinga vya kutosha.

Saa tisa mchana Amna akasema kichwa kinamgonga. Shamsudin naye kilimuuma, lakini akasema ni moshi wa risasi tu, wavumilie, vimebaki vitufe vitatu. Vitufe vitatu! Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Watu wawili wanaumwa kichwa pamoja, chumba kimoja, yeye anahesabu vitufe. Amna alipojaribu kusimama, akaanguka.

Jirani yao Yudith, nesi wa zahanati, alisikia kishindo. Alisukuma mlango, akaliona jiko, akamburuta Amna mpaka uani. Shamsudin alitoka akipepesuka na kutapika. Wakakimbizwa hospitali, wakawekewa oksijeni. Amna alizinduka. Daktari alitafuta mapigo ya moyo wa mtoto, hakuyapata.

Shamsudin alilia, akisema risasi imemuulia mtoto. Yudith hakumficha.

"Siyo risasi, mdogo wangu. Ni mkaa. Hata ukiwaka vizuri bila moshi, unatoa hewa ya sumu. Huioni, haina harufu, na kanga haiizuii. Mtoto wa tumboni inamuumiza kuliko mama yake."

"Sasa ningefanyaje, dada, na baridi ile?"

"Jiko linakaa nje. Mkaa hauwashwi chumbani, hata dirisha likiwa wazi. Kichwa kikiuma, toka nje kwanza, halafu wahi hospitali."

Amna alikuwa anasikia yote. "Dirisha nilifunga mimi," akasema.

Harusi ya Kilolo walipiga wengine. Shamsudin alihamishia meza barazani, na umeme ukikatika anapashia chuma uani, akitetemeka. Mwezi wa tisa kiboksi kilikamilika. Kinapiga vizuri sana.

Amna sasa hupita kwa mafundi wa Kihesa, na akikuta jiko ndani hata salamu hatoi kabla halijatolewa nje. Juzi alimkuta Saulo, fundi simu, kajifungia na jiko. Mkewe amejilaza humo humo, anaumwa kichwa. Amna akamwambia alitoe jiko. Saulo akacheka, akasema baridi itawaua.

"Mwanangu aliyeuawa na mkaa alikuwa wa kike," Amna akasema.

Saulo akalibeba jiko, akalitoa nje, kisha akarudi kumwinua mkewe, wakaenda zahanati. Wapo hai, wanalalamikia baridi.