Taa ya Kumwonyesha Kija Njia

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa inakaribia Fabiani alipoingiza gari lake kwa fundi Dieudonne, pale Majimoto, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Gari lenyewe watu wa huku wanalijua. Ni mchomoko mweupe, wa kubeba abiria na magunia, wenye mlango wa nyuma uliobonyea. Jioni hiyo zilikuwa zimetimia siku arobaini tangu mlango ule ubonyee.

"Fundi, nitolee huu weusi kwenye taa za nyuma," alisema. "Leo hii. Sasa hivi."

Dieudonne hakuuliza kwa nini. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe ndiye aliyezipaka ule weusi.

Jamani, hawa madereva wa michomoko wana ugonjwa wao. Gari linabeba kuku, mpunga na wagonjwa, barabara yenyewe ni mashimo matupu, lakini mwenye gari lazima alipambe utadhani analipeleka harusini. Mwaka huu ugonjwa ulikuwa taa nyeusi. Unafungua makava ya taa za nyuma, unayapiga spreyi nyeusi, unayarudisha. Mchana gari linapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini giza likiingia, na vumbi hili letu la Mpimbwe... haya bwana.

Na mkewe alimwambia. Kija alilizunguka lile gari siku ya kwanza, mkono kiunoni, akasema, "Fabi, umelifumba gari macho."

Fabiani akacheka. "Mimi naendesha kwenda mbele, mke wangu. Ya nyuma yananihusu nini?"

Siku ya mnada Kasansa, wakati wa kurudi, gari lilijaa mpaka mlangoni. Kija alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, akamwona mama mmoja amebeba mtoto, akashuka akampisha. Ndivyo alivyokuwa Kija. Iwe mlangoni, kisimani au kanisani, alisimama pembeni na kusema, "Tangulieni nyie, mimi mwenyeji." Alisema hivyo hata kwenye nyumba za watu. Basi siku hiyo akawasha pikipiki yake, ile iliyokuwa ikikohoa mara mbili kabla ya kushika moto, akafuata nyuma ya mumewe.

Jua lilikuwa limeshazama. Pale kwenye drifti, ile sakafu ya zege ambayo maji ya masika hupita juu yake, ng'ombe wakakatiza. Fabiani akakanyaga breki. Taa za nyuma ziliwaka, ndiyo, ila ziliwakia ndani ya weusi wake.

Kija hakuona kitu.

Hawakuwa na mtoto. Kwa miaka tisa nyumba yao pale Mamba ilikuwa ya watu wawili tu, na sasa Fabiani alikuwa akisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, halafu anaukodolea macho mpaka unapoa. Alimkumbuka mkewe vibaya sana. Kibaya zaidi, alijua ni nani aliyemuua.

Mama mkwe wake, Nyanzala, alikuja msibani kutoka Kasansa na hakuondoka. Ni Msukuma wa zamani yule, mtu wa heshima zake. Yeye na mkwewe hawakuwa wakitazamana usoni. Akiwa na neno alilisema akiwa amempa mgongo, au kutoka chumba cha pili. Na wiki moja baada ya mazishi alisema, "Kwenye ukoo wetu mtu akifia njiani, anafuatwa. Mwili mmeuleta. Yeye mwenyewe bado amesimama kule."

Basi wakaenda wote wawili kwenye drifti. Mama aliita, Fabiani aliendesha. Wakarudi nyumbani.

Tangu jioni ile, kila ikifika saa moja, pikipiki ilisikika njia panda. Inakuja, inasimama. Inakohoa mara mbili... halafu inageuza, inarudi ilikotoka.

Na pikipiki ya Kija ilikuwa nyuma ya jiko, imekunjika, haina hata tairi la mbele.

"Alikuja," mama mkwe alisema siku ya arobaini, akiwa nyuma ya pazia. "Tulimwita akaja. Halafu ukampoteza kwa hizo taa zako. Nenda ukarudishe zile alizozijua. Zile zile, mkwe. Usiongeze kitu. Kesho asubuhi ikimkuta huko, basi tena. Atakuwa wa barabara."

Ndiyo maana Fabiani alikuwa pale Majimoto anatafuna kucha.

Dieudonne alisugua, akatia petroli, akasugua tena. Kava la kulia lilipasuka mkononi mwake. La kushoto likakubali. Akalifunga, akaunganisha waya, akawasha. Kataa kekundu, kadogo, kenye ukungu kidogo, vilevile kalivyokuwa miaka yote.

"Moja inatosha kumwonyesha mtu njia," fundi alisema.

Fabiani alikatazama. Akaona jinsi kalivyo kadogo. Akakumbuka lile vumbi.

"Ongeza."

"Kaka, ndivyo zilivyokuwa..."

"Nimesema ongeza! Ule mkanda wa taa mnaofunga kwenye mabasi, si unao? Funga. Funga nyuma nzima."

Na mtu mwenye majuto ukimbishia unamwongezea tu. Dieudonne akafunga. Mkanda mmoja juu ya kioo, mmoja chini, mmoja kuzunguka bampa. Alipogusisha waya, ukuta wa mashine ya mpunga uligeuka mwekundu wote. Kuku waliokuwa wameshalala wakashtuka juu ya magunia.

"Hii itaonekana mpaka ziwani," fundi alisema. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshageuza uso.

Fabiani alipita Mamba bila kusimama. Akaipita nyumba yake, akaona mlango uko wazi kama walivyopatana na mama. Akafika kwenye drifti giza likiwa limeanza kushika. Akageuza gari lielekee nyumbani. Akakifunga kioo cha kutazama nyuma kwa kanga ya Kija, akakunja vioo vya pembeni. Masharti aliyajua. Mwite mara tatu. Usiangalie nyuma. Usiseme na mtu. Usisimame.

Akateremsha kioo cha dirisha.

"Kija."

Nyenje walikuwa wanapiga kelele kwenye majani.

"Kija."

Nyenje wakanyamaza. Wote... kwa mpigo.

"Kija, mke wangu. Twende nyumbani."

Kimya.

Kisha ikaja harufu. Harufu ya vumbi lililonyeshewa, na ilikuwa Septemba, mvua haijadondosha hata tone. Nyuma yake ikachanganyika harufu ya petroli.

Na mlio.

Ukakohoa mara moja... mara mbili... ukashika.

Fabiani alilia. Mwanaume mzima, mikono kwenye usukani, machozi mpaka kidevuni. Akaingiza gia, akaondoa gari taratibu, na pikipiki ikafuata. Ilifuata karibu, kwa mwendo wake uleule wa kutokuwa na haraka. Alitamani kusema naye. Alitamani kumwambia nisamehe, ulisema kweli, nililifumba macho. Akaumeza ulimi wake.

Wakapita shamba la kwanza la mpunga. Wakapita la pili.

Hapo akasikia pikipiki nyingine.

Hii ilikuwa nzito zaidi. Akajiambia ni mtu anarudi kutoka Kasansa, atapita. Haikupita. Na taa yake mbona haimuliki humu ndani? Gari likifuatwa na pikipiki usiku, mwanga wake lazima uingie. Humu kulikuwa giza tupu.

Krin... krin...

Kengele ya baiskeli.

Halafu mluzi, ule wa mtu anayeswaga ng'ombe. Halafu nyayo. Nyayo za watu wanaokimbia pekupeku ili wasiachwe. Katikati yake mtoto analia, na sauti inambembeleza, "Nyamaza, nyamaza, ile pale taa."

Fabiani akaukaza mkono kwenye usukani. Usukani ulikuwa umekuwa mwepesi. Dereva wa magunia anaujua wepesi ule: nyuma kumeelemewa, pua ya gari imeinuka. Na nyuma hakuwa amebeba kitu.

Usiangalie nyuma. Usisimame.

Hakuangalia. Hakusimama. Aliingia uani kwake, akazima injini, akazima na taa zile zote. Pikipiki zikazimika. Nyayo zikakoma. Akashuka macho yakiwa ardhini, akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango akihema.

Nyanzala alikuwa ameketi kwenye kigoda, amempa mgongo, taa ndogo ya sola miguuni.

"Mama, amekuja," Fabiani alinong'ona. "Nimemsikia kabisa. Amekuja."

"Nimesikia." Akatega sikio nje. "Na hao wengine?"

Fabiani akaurudishia mlango nusu.

"Umefunga taa gani, mkwe?"

"Kubwa, mama. Niliogopa asije akapotea tena..."

Bibi yule alishusha pumzi. "Barabara ile imeua wangapi? Wa malori, wa baiskeli, waliosombwa na maji pale drifti. Wapita njia, wasio na ndugu huku. Hakuna aliyewafuata. Miaka wamesimama gizani, na leo wameona taa."

Nje mtu alikohoa kwa adabu.

"Hodi..."

Sauti ya mzee, yenye lafudhi ya Kifipa.

"Hodi..."

Mtoto.

"Hodi hapa... hodi wenyewe..."

Walikuwa wengi. Na hawakuwa wakali, hilo ndilo lililomtia Fabiani baridi mifupani. Walibisha hodi kwa unyonge, kama watu waliochoka sana ambao hawana uhakika watapokelewa.

"Funga mlango," mama alinong'ona. "Usiitikie. Ukimkaribisha mmoja umewakaribisha wote, na hawa hawatatoka tena, hawana pa kurudi."

"Na Kija?"

Hapo Nyanzala alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa. Aligeuka, akamtazama mkwewe usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kija ni mwanangu, unamjua. Lini aliwahi kumtangulia mgeni mlangoni?"

Na kweli. Kutoka mbali, nyuma ya wote, karibu na barabara, ikaja ile sauti. Ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye kicheko kidogo mwishoni.

"Tangulieni nyie, mimi mwenyeji."

Fabiani akainua kichwa. Siku arobaini hakuisikia. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba ameisahau.

Mlango ulikuwa mkononi mwake. Akiufunga, asubuhi itamkuta Kija nje, na basi tena. Akiufungua... Akayafikiria masufuria, kitanda, ule ugali wa watu wawili. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukusanya kanga zake. Alijua jibu kabla yake.

Fabiani akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Karibuni," alisema. "Karibuni wote."

Taa ya sola ilififia. Wa kwanza kuingia alikuwa na baridi ya maji ya mto, akapita pembeni yake akiacha harufu ya tope. Kiti kikatoa mlio. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa mfupi, alimgusa Fabiani mkononi kwa vidole vidogo, akaenda kukaa. Wa nne. Wa tano. Nyanzala alitokea mlango wa jikoni usiku huohuo, akapita porini kwa miguu mpaka Kasansa, na hajakanyaga tena Mamba. Ukimuuliza, anasema tu kwamba alipofika wa ishirini aliacha kuhesabu.

Yeye anasema ni mizimu ya barabara. Dieudonne anasema ni majuto, na kwamba mtu akiachwa peke yake muda mrefu masikio yake yanaanza kujitafutia watu. Labda. Lakini Dieudonne siku hizi hagusi taa ya nyuma ya mtu yeyote, na jua likizama anafunga kazi.

Mkanda ule Fabiani aliung'oa asubuhi yake akauzika. Haikusaidia. Walishaijua njia, na Kija alikuwa bado hajaingia.

Pita Mamba jioni, saa moja hivi. Utaikuta nyumba mlango wazi, na yeye amekaa sakafuni, kwa sababu viti vimekaliwa. Kila siku anasonga ugali wa watu wengi na kila siku unapoa. Hakuna anayesema naye humo ndani, wanakaa tu. Nyayo zinakuja uani, zinapita mlangoni moja moja, na yeye anazihesabu. Zikikatika kidogo, anainuka, anajipangusa suruali, anaweka vizuri kola ya shati, anautazama mlango.

Halafu kule nje, jirani kabisa sasa, hatua tatu tu kutoka kizingitini, mwanamke anasema kwa upole:

"Pita, mama. Pita na mtoto. Mimi nasubiri."