Mkalimani wa Gemu

Kila alipotoka shule, Mkalimani alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, akafagia uwanja wa mbele, kisha akamwekea bibi yake maji ya kuoga. Hakuna aliyemhimiza. Alifanya haraka kwa sababu watoto wa mtaa walikuwa wameshavua viatu mlangoni wakimsubiri, na bibi alikuwa na sheria moja katika nyumba ile: gemu haiwashwi kabla ya kazi kwisha.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake la daftarini wenzake walikuwa wameshalisahau. Walimwita Mkalimani, na aliitika kwa furaha.

Mashine ya gemu aliileta mjomba wake, mpishi wa meli za mizigo, aliyeinunua mkononi kwa mtu katika bandari ya mbali. Ilikuja na diski moja tu. Gemu yenyewe ilitokana na filamu: dada mmoja anashuka kwenye mgodi ulioporomoka kumtafuta kaka yake, anaruka mashimo, anapambana na wezi wa dhahabu, anapita katikati ya moto. Ilikuwa tamu kweli. Taabu yake ni kwamba maneno yote, ya kusikia na ya kusoma, yalikuwa ya lugha ya huko ilikonunuliwa, na herufi zake zilifanana na vijumba vilivyojengwa kwa njiti za kiberiti. Mtaa mzima hakuna aliyejua hata moja.

Mwanzoni Mkalimani hakudanganya. Filamu alikuwa ameiona kwenye kibanda cha video, ikisimuliwa kwa Kiswahili na yule bwana anayepachika sauti yake juu ya filamu za kigeni. Kwa hiyo hatua za kwanza za gemu alizieleza kwa haki kabisa. Lakini gemu za namna hii haziridhiki na filamu, huongeza njia na watu ambao kwenye filamu hawapo. Dada alipovuka lango la chini, akatokea mzee mwenye taa, akazungumza mpaka watoto wakachoka. Rafiki wa Mkalimani aitwaye Kidevu akauliza mzee anasema nini.

Mkalimani alikuwa na pedi ya kuchezea gemu mkononi na macho ya watu mgongoni. Akasema mzee anamwonya dada asiguse maji ya kijani. Bahati mbaya, mbele kidogo kweli kulikuwa na bwawa la kijani, na Kidevu akapiga makofi. Nasema bahati mbaya kwa sababu angekosea siku ile, yaliyofuata yasingetokea. Tangu hapo mambo yakawa mteremko. Akiona uso umenuna, anautungia kisa. Akiona namba, anaijengea habari. Uongo ukamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Aliyefurahi kuliko wote ni bibi. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao nyuma ya watoto, akisikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari, na kwa majirani alitamba kwamba mjukuu wake amejifunza lugha ya watu bila mwalimu. Mkalimani aliona haya kidogo, lakini sifa zilikuwa tamu kuliko haya.

Bibi alikuwa mgonjwa wa kisukari. Mwezi ule dawa zake zilikosekana kwenye kituo cha afya, na mama yake Mkalimani, ambaye alikuwa fundi cherehani, akampigia simu kaka yake. Mjomba akanunua dawa huko huko alikokuwa, akampa baharia aliyekuwa anarudi nyumbani. Baharia aliliacha boksi kwa jirani bila maelezo yoyote. Mjomba naye alikuwa ameshaingia baharini, simu haipatikani. Boksi lote, nje na ndani, lilijaa vile vijumba vya njiti.

Mama aliligeuzageuza, kisha akacheka. "Sasa tunahangaika nini? Mwenye lugha yake tunaye humu ndani."

Mkalimani akapewa boksi. Alitazama herufi, nazo zikamtazama. Hapo ndipo pa kusema sijui, na neno lenyewe lilifika mpaka mdomoni. Lakini mama alikuwa anatabasamu, bibi ameinua kichwa kwa majivuno, na Kidevu amesimama mlangoni akisubiri kusikia. Pembeni mwa boksi palikuwa na namba moja kubwa, tatu. Akaijengea habari, kama alivyozoea.

"Vitatu kwa siku," alisema. "Asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kula."

Mama akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Moyoni alijiambia dawa ni dawa tu, na wakubwa wangegundua kama kuna kosa. Wakubwa nao walikuwa wameshamwamini yeye.

Bibi hakuwa mtu wa kupuuza dawa. Siku ya kwanza alikunywa vyote vitatu. Jioni alilalamika kichwa chepesi, akalala mapema. Siku ya pili alikunywa cha asubuhi na cha mchana, na Mkalimani aliporudi shule akamkuta kwenye kiti chake, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Alimwamkia. Bibi akamtazama kama mgeni, kisha akamwita kwa jina la mama yake. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Mkalimani aligeuka. Aliona karatasi ya dawa juu ya meza, na matundu yake matupu. Akajiambia ni joto. Akaleta maji, akampepea kwa daftari, akamwomba anywe. Maji yalimwagika kifuani. Halafu bibi akateleza kutoka kwenye kiti taratibu, akalala sakafuni, na alipoitwa hakuitika.

Watoto waliokuwa mlangoni waliona yote. Kidevu alikimbia hadi kwa mama yake Mkalimani, ambaye alikuja na futi ya kupimia ingali shingoni. Muuza mikate wa mtaa ule akatoa makreti nyuma ya gari lake, wakamlaza bibi humo, kichwa kwenye mapaja ya mama. Njia nzima mama alikuwa anasema maneno yale yale, "Mama, usinifanyie hivi. Mama, nisikie." Mkalimani aliishika miguu ya bibi. Ilikuwa ya baridi. Alitaka kusema, akashindwa. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, bibi atakufa na itajulikana aliyemuua.

Kwenye kituo cha afya nesi mmoja wa makamo alimtoboa bibi kidole, akatazama kipimo, akaita wenzake. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Mama na binti walisimama ukutani wakiwa hawana la kufanya. Kisha bibi akafumbua macho, akauliza yuko wapi, na nani anaangalia nyumba. Mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Ningependa kusema taabu iliishia hapo. Taabu ya Mkalimani ndiyo kwanza ilianza.

Nesi aliomba kuona dawa. Mama akatoa boksi alilolitia mkobani walipokuwa wanatoka nyumbani. Ubavuni mwa karatasi ya vidonge palikuwa na jina dogo la dawa kwa herufi zetu, ambalo nyumbani hakuna aliyeliona, na nesi akalitambua. Alisema dawa hiyo ni nzuri lakini ni kali. Ikizidi mwilini, sukari hushuka tena na tena hata ikishapandishwa, na mgonjwa anaweza kulala asiamke.

"Amekunywa kama ilivyoandikwa?" aliuliza.

"Kama ilivyoandikwa kabisa, dada," mama akajibu. "Huyu binti yangu ndiye aliyetusomea. Anaijua lugha ya huko."

Nesi akamtazama Mkalimani kwa heshima ambayo watoto hawaipati mara nyingi hospitalini. Akasema basi si dawa, pengine bibi hakula vizuri, na maji yale yakiisha wanaweza kumrudisha nyumbani. Akamwachia mama boksi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama akatazama saa ukutani, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakifika tu nyumbani bibi atakunywa kidonge chake cha jioni.

Chupa ilikuwa inadondosha maji polepole, na Mkalimani aliona yakipungua. Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, angerudi nyumbani akiwa Mkalimani yule yule. Alipanga kuliiba boksi na kulitupa chooni ili kidonge cha jioni kisinywewe. Tayari alikuwa ameshatia mkono kwenye mkoba wa mama, na boksi limo kiganjani, alipokumbuka maneno ya nesi. Vidonge vilivyomo tumboni havitupiki chooni. Bibi angelala usiku ule, mama angemfunika shuka akidhani amepona.

"Mbona unatetemeka wewe?" bibi akamuuliza kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa hafifu, lakini bado ilikuwa na majivuno. "Usiogope. Kama si wewe kutusomea, hata dawa nisingekunywa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Mkalimani aliondoka mbio, akamkuta nesi kwenye kitanda cha tatu, akamshika mkono wa gauni.

"Sikusoma," alisema. "Siijui ile lugha. Sijui hata herufi moja. Nilisema vitatu kwa siku kwa sababu niliona namba tatu. Jana amekunywa vitatu, na leo viwili, vyote kabla ya kula."

Nesi hakumgombeza, wala hakupoteza muda kumshangaa. Alirudi kwa bibi akikaribia kukimbia, akamtoboa kidole tena. Sukari ilikuwa imeshaanza kushuka, na bibi mwenyewe alikuwa amesinzia, ule usingizi ambao mama aliudhania ni wa kupumzika. Nesi akaagiza chupa nyingine na kumwita daktari. Akamwambia mama kwamba kipimo cha dawa ile kwa mtu mzima wa umri wa bibi ni kidonge kimoja tu asubuhi, baada ya chakula, na kwamba leo hakuna kurudi nyumbani.

Mama aligeuka akamtazama binti yake. Hakumpiga wala kumfokea. Alimtazama tu, kisha akageukia kitanda na kumpa mgongo, na Mkalimani akatamani apigwe.

Sukari ilishuka tena mara mbili usiku ule, na mara zote mbili walikuwa tayari kuipandisha. Mkalimani alikaa kwenye benchi la nje ya chumba bila kula. Kila mlango ulipofunguliwa, aliinuka. Kila aliyetoka alipita bila kumwambia kitu. Aliomba Mungu achukue gemu, achukue na jina lile la Mkalimani, amwachie bibi.

Mchana wa siku iliyofuata daktari alisema hatari imepita. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini na bibi alikuwa anadai uji. Mama akatoka nje, akakaa kwenye benchi karibu na binti yake.

"Nimekukasirikia sana," mama akasema. "Na bado nimekasirika. Lakini mimi pia nina langu. Nilimpa mtoto boksi la dawa asome kwa sababu niliona fahari, wakati kituo cha afya kiko hapa na watu wa kuuliza wapo."

Mkalimani akalia kilio alichokuwa amekibana tangu jana. Akasema alifikiri bibi atakufa, na kwamba hakustahili kuitwa mjukuu. Mama akamwambia ajifute, bibi anamtaka ndani.

Bibi alikuwa ameegemea mto. Alikuwa ameshaelezwa kila kitu. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, na Mkalimani akainamisha kichwa na kumwomba radhi. Bibi akamwambia amesamehe, ila asidhani amesahau. Alisema njia ya mwongo ni fupi, na hii nusura imfikishe yeye kaburini.

Nesi alikuja na dawa nyingine, akaketi ukingoni mwa kitanda awaelekeze. "Mimi kila siku hapa nasema sijui," alimwambia Mkalimani. "Nasema sijui, halafu namuuliza daktari, naye asipojua anauliza wengine. Hakuna aliyekufa kwa sababu nimesema sijui. Watu hufa pale mmoja wetu anapoona haya kulisema. Wewe ulichelewa, lakini ulisema wakati wengine wote tulishadhani mambo yamekwisha. Ndiyo sababu bibi yako anakunywa uji."

Kisha akaeleza kwa haraka ya watu wa hospitali: kidonge lini, chakula gani kwanza, dalili za sukari kushuka, cha kufanya mgonjwa akitokwa jasho na kutetemeka, na wakati gani asipewe kitu mdomoni. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa. Bibi pia. Nesi akainuka, akauliza kama wote wameelewa.

"Hapana," Mkalimani akasema. Uso ulimwaka moto, maana kwenye vitanda vya jirani watu walikuwa wanasikiliza. "Mimi hapo mwisho sikuelewa. Naomba urudie."

Nesi akarudi kuketi, akaanza upya, safari hii polepole. Ikaonekana kwamba hata mama hapo mwisho alikuwa hajaelewa.